Tasa ni Nani?

Watanzania, ambao hufundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi, huziita 2, 3, 5, 7 na 11 namba tasa. Darasani neno hilo halimshtui mtu. Likiingia kijijini, huvunja nyumba.

Nilikuwa mvulana mdogo hapa Ziwa, nje ya mji wa Eldoret, shangazi yangu aliporudishwa kwetu na sanduku lake la bati baada ya miaka saba ya ndoa bila mtoto. Hakuna daktari aliyempima. Mumewe naye hakupimwa. Nani angethubutu kumwambia? Baadaye shangazi aliolewa kwingine, akazaa watoto wanne. Yule bwana alioa tena mara mbili, na boma lake halikupata kusikia kilio cha mtoto.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nimelitafakari jambo hili kwa njia ya maneno. Tasa, katika matumizi yetu ya kila siku, humwelekea mwanamke au mnyama jike. Mgumba limo kamusini, ila huku kwetu ni nadra kulisikia likitajwa kwa mwanamume. Yeye amebakiziwa hanithi, neno lenye maana nyingine kabisa: asiyeliweza tendo lenyewe. Hapo ndipo penye kosa. Mwanamume mwenye nguvu zake zote aweza kuwa hana mbegu, au anazo chache mno, au zisizoogelea vyema. Akiambiwa akapimwe, husikia ameitwa hanithi. Hughadhibika, naye mke hupelekwa kwa mganga.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba wakati fulani maishani, yaani kukosa mimba baada ya miezi 12 ya kujaribu. Katika takriban nusu ya visa, mwanamume ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Kwa wanawake, mirija ya uzazi huziba, aghalabu kutokana na kisonono au klamidia isiyotibiwa, au maambukizo baada ya kujifungua ama kutoa mimba kwa njia za hatari. Wengine mayai yao hayapevuki kwa sababu ya homoni. Kwa wanaume, maradhi hayo hayo huziba njia za mbegu. Matubwitubwi yakimpata aliyekwisha kubaleghe huweza kudhuru korodani. Na mishipa ya korodani ikivimba, mbegu hupungua. Si ajabu basi aliyemwita mkewe tasa akawa ndiye aliyemletea kisonono nyumbani.

La kuchekesha, kama si la kuliza, ni kwamba wakulima wa Ziwa wanayajua haya zizini. Ng'ombe akipandishwa mara mbili asishike mimba, mwenyewe huuliza: je, fahali ana kasoro? Mbegu ziliharibika njiani? Mhudumu alichelewa kufika? Ng'ombe husikilizwa kesi yake kabla ya kuuzwa.

Tiba zipo. Antibiotiki huua vimelea, ingawa hazifuti kovu lililokwisha kujengeka katika mirija. Vidonge vya klomifeni huchochea mayai kupevuka, na bei yake si ya kutisha. Upasuaji hurekebisha baadhi ya kasoro. Tiba ya mwisho ni kutungisha mimba nje ya mwili, iliyozaa mtoto wa kwanza Uingereza mwaka 1978 na watoto wa kwanza wa Kenya mwaka 2006, jijini Nairobi. Jaribio moja hugharimu shilingi laki kadhaa, na mengi hayafaulu. Simshauri mtu auze shamba kabla ya kufanya kipimo cha mbegu za kiume, kisichohitaji kisu wala dawa ya usingizi. Chombo safi na darubini vyatosha kuanzia.

Mwaka jana jirani yangu kijana aliniuliza ampeleke mkewe hospitali gani Eldoret. Nikamwambia waende wote wawili, siku moja. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikifika pale dirishani niseme nimekuja kupimwa nini?" Nikamjibu, mbegu. Akasema atalifikiria. Mahindi yamekwisha kuvunwa, na bado analifikiria.