Baada ya Moto wa Injini, Usikimbilie Kupiga Stata

Gari lililoungua sehemu ya injini likishavutwa hadi gereji, mwenyewe hutamani kusikia mngurumo kabla ya kitu kingine chochote. Injini ikiitika, roho inatulia na hasara inaonekana ndogo. Fundi anaijua hamu hiyo, kwa hiyo anaazima betri, anaunga waya mbili tatu zilizokatika, anapiga stata. Nawaomba wenye magari na mafundi wao waizuie mikono yao hapo. Haraka hiyo inaweza kuua injini iliyopona, na inaweza kuwasha moto wa pili mahali pale pale.

Tuanze na kitu ambacho watu hukiona kama uchafu tu: unga wa mtungi wa kuzimia moto. Unga wa mitungi ya aina ya ABC una chumvi ya fosfeti ya amonia. Ukiangukia chuma chenye joto huyeyuka na kung'ang'ania. Ukipata unyevu hugeuka kuwa kitu chenye asidi kinachokula aluminiamu na shaba. Sasa gari hilo limeegeshwa Tanga, Kigamboni au Likoni, ambako hewa ya bahari ina unyevu na chumvi yake, likingoja mwenyewe akusanye pesa. Moto ulikuwa wa dakika chache. Unga umepewa miezi.

Ndiyo maana kazi ya siku ya kwanza ni usafi. Fungua betri, ukianza na upande wa hasi. Fyonza unga kwa mashine ukiwa umevaa barakoa, futa kwa brashi laini palipobaki, kisha ndipo uoshe kwa maji kidogo na kukausha kila kona. Anayeanza na maji ya presha anausukuma ndani ya soketi na altaneta. Na kama boksi la hewa au mpira wake umeungua, unga na masizi huenda vimeshaingia kwenye njia ya hewa ya injini. Ukipiga stata unavivuta moja kwa moja hadi kwenye silinda, vikasage pistoni na ringi. Njia hiyo ifunguliwe na kukaguliwa kwanza. Oili nayo imwagwe.

Moshi wenyewe ni adui mwingine. Ganda la PVC la nyaya likiungua hutoa gesi inayotengeneza asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo hutua hata kwenye soketi ambazo moto haukuzigusa. Baada ya wiki kadhaa pini zinaota kutu ya kijani, na gari linaanza kuzima ovyo bila mtu kujua sababu. Halafu kuna hatari kwa fundi mwenyewe, ambayo sisikii ikizungumzwa vya kutosha. Baadhi ya sili na mipira ya injini imetengenezwa kwa malighafi yenye florini. Ikiungua kwa joto kali sana inaweza kuacha asidi ya hidrofloriki, asidi inayopenya ngozi na kuharibu nyama hadi mfupa. Ukiona sili imegeuka kuwa ute mweusi unaonata, usiishike kwa mkono mtupu. Glovu nzito za mpira si anasa katika kazi hii.

Baada ya usafi, kitafutwe chanzo kabla ya kununua hata spea moja. Mara nyingi kinapatikana kati ya mambo machache: mpira wa mafuta uliopasuka kwa uzee, oili inayovuja kwenye tapeti kava na kudondokea ekzosi, betri isiyofungwa ikagusa bati, au waya wa redio, alamu au taa za ziada uliovutwa kutoka kwenye betri bila fyuzi. Magari yetu mengi yanafika kutoka Japani yakiwa yametumika miaka kadhaa, kisha tunayaongezea vifaa. Fyuzi ya ampea 10 inakatika, mtu anaweka ya 30 au anapitisha kipande cha waya. Fyuzi ile ilikuwa imekatika ili waya usiungue. Ukiiwekea kubwa zaidi, waya ndio unaokatika badala yake, kwa moto.

Na hapa kwenye nyaya ndipo gari linapopona au linapoharibiwa kabisa. Jaribu kubwa ni kukata pale palipokuwa peusi, kuunga kipande na kuzungushia tepu. Lakini joto husafiri mbali kuliko masizi. Ganda lililopikwa hukakamaa, na ukilikunja linapasuka. Shaba ya ndani inakuwa nyeusi na haishiki risasi ya kuchomelea. Fundi mzuri hurudi nyuma hadi aikute shaba inayong'aa na ganda linalokunjika. Anatumia waya wa unene ule ule na, ikiwezekana, wa rangi ile ile yenye mstari ule ule, kwa sababu kuunga haness nzima, yaani fungu la nyaya za gari, kwa waya mwekundu ni kumfunga macho fundi atakayekuja baadaye. Viungio havipangwi mahali pamoja. Jozi za waya zilizosokotwa, zinazobeba mawasiliano ya kontroli boksi, zirudishwe zikiwa zimesokotwa. Nyaya za eabegi, ambazo kwa kawaida zina soketi na ganda la njano, zisiungwe kabisa, zibadilishwe nzima.

Kama zaidi ya sehemu ndogo ya haness imeungua, ushauri wangu ni kutafuta haness nzima kutoka kwenye gari la aina hiyo hiyo, injini hiyo hiyo, na giaboksi hiyo hiyo. Ni ghali, lakini siku nyingi za fundi umeme akiunganisha uzi kwa uzi nazo zinalipiwa.

Vyuma navyo vina siri zao. Chukua Toyota IST ya 2004, gari lililojaa mitaa ya Dar es Salaam: bloku ya injini yake ni ya aluminiamu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, ila huanza kulegea mapema sana kabla ya hapo. Silinda hedi iliyopikwa ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda, na kishikizo cha injini kilichopata moto kibadilishwe hata kama kinaonekana kizima. Springi za shokapu ni chuma kilichopewa ugumu kwa joto. Moto mkali unaweza kuuondoa ugumu huo. Mipira ya breki, kopo la maji ya breki na mipira ya mafuta iliyo karibu na moto iondoke yote. Mafuta ya injini ya sindano husukumwa kwa presha ya karibu bar 3, kwa hiyo mpira laini wa kabureta hauna nafasi hapo. Kisha kufuli ya boneti na kebo yake: boneti likifunguka barabarani ukiwa mwendo mkali, huoni chochote mbele.

Kuhusu fedha, bima ndogo hailipi gari lako mwenyewe. Mwenye bima kubwa apige picha na asiruhusu kitu kufunguliwa kabla mkaguzi hajafika, kwa sababu chanzo kikishavurugwa madai huwa magumu. Gari ambalo hesabu yake inakaribia bei ya kununua lingine la aina hiyo liuzwe kama spea, na mnunuzi aambiwe ukweli. Kulipiga rangi na kulinyamazia ni kumweka mtu na watoto wake ndani ya hatari anayolipia mwenyewe. Mnunuzi naye afungue boneti: tepu mpya kwenye nyaya za gari la zamani, soketi zisizofanana, rangi mpya kwenye bati linalotenga injini na abiria, na harufu ya moshi feni ya hita inapowashwa.

Likishakamilika, jaribio la kwanza lifanyike gereji, boneti likiwa wazi na mtungi mkononi. Washa taa zote, feni, kiyoyozi na hita ya kioo cha nyuma kwa pamoja, acha injini ifike kwenye joto lake la kawaida, kisha pima kwa mita volti zinazopotea kwenye kila kiungio kipya kikiwa kinabeba mzigo. Taa ya kupimia haitoshi, kwa sababu inaweza kuwaka hata kwenye waya uliobaki nyuzi mbili tatu. Kiungio kinachopoteza volti au kupata joto kikate, ukirudie. Baada ya wiki moja barabarani, gari lirudi lifunguliwe tena, mipira ya mafuta ishikwe mmoja mmoja kutafuta unyevu, na mtungi ukae karibu na kiti cha dereva, sio kwenye buti.