Tiketi ya Opera na Kitabu cha Mushi

Kwa wanakwaya wa Sekei na Sanawari, Ujerumani si nchi ya kusikia tu. Ulutheri ulifika Mlima Meru kwa mikono ya Misheni ya Leipzig. Wamisionari wake wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, lakini uhusiano haukukatika. Mpaka leo kuna ziara za ushirikiano baina ya sharika za huku na za kule, na mwenyeji akishajua mgeni wake anaimba, wazo la kumpeleka opera haliko mbali. Leipzig yenyewe ina opera tangu 1693. Basi mgeni anakabidhiwa tiketi wakati wa chai, na jioni hiyo hiyo anakaa karibu saa tatu akisikiliza Kiitaliano asichokijua, huku tafsiri ya Kijerumani, nayo asiyoijua, ikipita juu ya jukwaa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: isome hadithi kabla hujapanda ndege. Swali linalofuata huwa ni hili: "Mwalimu, nikishajua mwisho, si nitakuwa nimejiharibia?" Hujajiharibia kitu. Mwaka 1637, Venice ilipofungua jumba la kwanza la opera kwa kila mwenye kiingilio, desturi iliyoshika mizizi ilikuwa kununua kijitabu chenye maneno yote na kukifuata ukumbini kwa mshumaa mdogo. Taa za ukumbi zenyewe hazikuzimwa. Giza la siku hizi lilipata nguvu kwa Wagner, kule Bayreuth, mwaka 1876, na maandishi ya juu ya jukwaa yalianza Toronto mwaka 1983 tu. Muda wote huo mtazamaji alitegemewa aje akiwa anajua. Shabiki wa taarab haoni ajabu: hatoki nyumbani kwenda kujua wimbo unaishaje. Ubeti anaujua, anasubiri mwimbaji aufikie ndipo ainuke kumtunza.

Tuchukue opera moja ambayo Mtanzania anaweza kuiandaa kwa Kiswahili: Macbeth ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Florence, Machi 1847. Wengi wanamkumbuka Mwalimu Nyerere kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi hatajwi sana, naye ndiye aliyetupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka uliofuata. Ukiipata Makbeth kwenye maktaba au kwa wauza vitabu vya mitumba, umemaliza nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni kujua Verdi na mwandishi wake wa maneno, Francesco Maria Piave, walibadilisha nini. Wachawi watatu wa Shakespeare wamekuwa kwaya nzima ya wanawake iliyogawanywa makundi matatu, na Verdi aliihesabu kwaya hiyo kuwa mhusika mkuu sawa na Macbeth na mkewe. Mfalme Duncan, ambaye kwa Shakespeare anazungumza kwa heshima na upole, hapa hasemi neno. Anapita jukwaani na msafara wake, matarumbeta yakimsindikiza, anaingia kulala, na ndiyo mwisho wake. Asiyejua hadithi atadhani ni mpita njia.

Kisha msikilize mke. Anaingia akisoma barua ya mumewe, na anaisoma kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo kabla hajaanza kuimba. Mwaka 1848 Verdi alilalamika kwamba mwimbaji aliyepangiwa nafasi hii alikuwa na sauti nzuri mno. Alitaka iwe kavu, ya kubanwa, yenye giza. Sisi walimu wa kwaya, tunaoshinda tukiwaambia soprano walainishe, tunasoma hapo na kukuna kichwa. Katika tendo la nne anatembea usingizini akijifuta damu isiyokuwepo, na noti yake ya mwisho, iliyo juu sana, imeandikiwa kuimbwa kwa sauti nyembamba kama uzi. Mwanzoni mwa tendo hilo hilo kuna kwaya ya wakimbizi wa Scotland wakiililia nchi yao. Waitaliano wa 1847, ambao nchi yao ilikuwa haijaungana na sehemu ya kaskazini yake ikiwa chini ya Austria, hawakuhitaji kufafanuliwa.

Tahadhari kidogo kuhusu vitabu. Anayekwenda kuona Giulio Cesare ya Handel, ya mwaka 1724, asijiandae kwa Juliasi Kaizari. Opera hiyo ni ya Kaizari akiwa Misri na Kleopatra, na Bruto hutamwona hata ukimtafuta kwa tochi.

Kuhusu sauti, mwanakwaya ana mtaji tayari. Soprano, alto, tenor na besi anazijua tangu Shule ya Jumapili. Kinachomchanganya ni baritoni, kati ya tenor na besi, ambayo kwaya zetu nyingi haziitengi. Macbeth mwenyewe ni baritoni, rafiki yake Banquo ni besi, na Macduff anayemuua Macbeth ni tenor. Tena hakuna maiki. Sauti iliyofunzwa, hasa ya mwanamume, hukusanya nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, wakati nguvu nyingi za orkestra ziko karibu na 500, kwa hiyo inapenya bila kushindana nayo. Sisi tuliozoea spika za ukumbi wa harusi twaweza kuiona ndogo kwa dakika za kwanza. Ndiyo maana simu haitoshi kukuandaa. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha shahada ya muziki. Ukifahamiana na mwanafunzi wa uimbaji, mwombe akuimbie chumbani, hatua chache mbele yako.

Bando lako usilimalizie opera nzima. Tafuta barua, karamu ya mzimu wa Banquo, wakimbizi na usingizi wa mke, usikilize kila kimoja mpaka ukitambue kikianza. Wagner mwache kwanza. Ile hadithi yake ya pete ni opera nne, kama saa 15 za muziki.

Na si lazima kufika Ulaya. Kenya ina opera yake, Nyanga, muziki wa Francis Afande, ikiwa na mkono wa mwimbaji Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, na Nairobi ni safari ya basi kupitia Namanga. Kwa kazi mpya kama hiyo hakuna Mushi wa kukutangulizia wala rekodi lukuki za kuchagua. Panda basi la asubuhi, uliza kijitabu mlangoni, na ukisome chote kabla taa hazijazimwa.