Mizani ya Nabii Amosi

Wenyeji wa Bariadi wanajua jinsi mvua inavyoweza kunyesha ng'ambo moja ya mto na kuiacha ng'ambo ya pili kavu. Basi asomaye sura ya nne ya kitabu cha Amosi hukuta habari azijuazo: mji huu umenyeshewa, mji ule haukunyeshewa, na watu wenye kiu wanajikokota kwenda kutafuta maji kwa wenzao. Nabii asema kwamba hilo ni tendo la Mungu. Hapo wengi wetu hukimbilia kuuliza, Je, ni nani aliyekosa huko kwenye ukame?

Swali hilo, twadhani, si la Amosi. Zamani katika Usukuma mvua ilipokosekana, mtemi aliweza kuondolewa kitini. Na hata katika miaka iliyo karibu nasi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa ajili ya macho mekundu tu, nayo macho yale yameharibiwa na moshi wa jikoni. Amosi hamtafuti mtu wa namna hiyo. Alikuwa mchungaji wa Tekoa, yapata mwaka 760 kabla ya Kristo, naye alinena na taifa zima la Israeli, wenye mvua na wasio na mvua pamoja.

Alianza kwa kushitaki majirani: Dameski, Gaza, Tiro. (Hapana shaka waliomsikia walifurahi.) Kisha akawageukia wao wenyewe. Na shitaka lao ni nini? Tazameni sura ya nane: wafanya biashara wanaona sikukuu inakawia kupita, wapate kuuza nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani iliyopotoshwa.

Mkulima wa pamba hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Kupunjwa katika mizani ya wanunuzi ni moja ya sababu zilizowafanya wakulima wa Usukuma wajiunge katika vyama vya ushirika, hata ukaundwa muungano wao mwaka 1955, makao yake Mwanza.

Tena, neno la Kiebrania mishpat lina maana ya hukumu, na pia ya haki apewayo mnyonge. Aombaye hukumu ishuke, anaomba mizani ikaguliwe, na ya kwake imo.

Amazia, kuhani wa Betheli, alipomsikia Amosi hakukagua mizani yo yote. Alimwambia arudi kwao Yuda, akale mkate wake huko.