Bustani ya shule isiwe mahali pa adhabu

MWEZI wa Agosti, shule zinapofungwa na vijana kurejea makwao, ndio mwezi ambao kibustani kilicho nyuma ya nyumba yangu hapa Longisa hunilipa jasho lote nililomwaga tangu mvua za Machi. Alfajiri, umande ungali juu ya majani, huingia humo na kikapu nikachuma mgagani, mnavu, kunde na majani machanga ya maboga. Sukuma wiki pia ipo, ingawa hiyo ni mgeni aliyekwisha kujifanya mwenyeji.

Mgagani, ambao sisi Wakipsigis tunauita isagek, ni mchungu kwa asiyeuzoea. Mama zetu waliujua uchungu huo na dawa yake. Waliuchemsha, wakamwaga maji, wakatia maziwa, kisha wakauacha chunguni usiku kucha. Siku ya pili uchungu ulikuwa umepungua, ukabaki utamu usio na mfano. Anayeula kwa ugali wa wimbi, na kibuyu cha mursik kando yake, hana haja ya kumhusudu tajiri yeyote.

Hata hivyo, sikuishika kalamu leo ili kuusifu mlo wangu. Nimeishika kwa sababu jina la Longisa limo katika vitabu vya wataalamu wa kilimo kwa jambo la huzuni. Mnamo Septemba 2011, ilikuwa katika sehemu hii ya Bomet ambapo ugonjwa mpya wa mahindi uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Virusi vya aina mbili vilikutana ndani ya mmea mmoja. Majani yakageuka manjano, yakakauka kuanzia ukingoni, na magunzi yakatoka bila punje. Kufikia mwaka wa 2012 ugonjwa huo ulikuwa umefika Narok na Naivasha. Wataalamu walitushauri tuyaache mahindi kwa muda na kupanda vitu vingine, kama vile maharagwe, viazi na mboga.

Ushauri huo ulikuwa mwema, lakini ulituumbua. Wengi wetu tulikuwa tumeitegemea nguzo moja, na ilipoanguka tulitazamana. Wenzetu wa nyanda za juu, huko Kericho na sehemu za Bomet zenye baridi zaidi, nao wana nguzo yao. Majani ya chai huleta fedha, tena fedha za maana, lakini hayawezi kutiwa sufuriani yakawa kitoweo. Si ajabu kuiona familia yenye chai hadi mlangoni ikimtuma mtoto sokoni kununua fungu la mboga.

Je, maarifa ya bustani yalitupotea vipi? Hapa sina budi kujishtaki mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi aliyechelewa nilimpa jembe. Aliyepiga kelele nilimpeleka kwenye magugu. Viboko vilipopigwa marufuku mwaka wa 2001, wengi wetu tulizidi kuliegemea jembe, tukajipongeza kwamba tumekuwa waungwana. Kumbe tulikuwa tukiwafundisha watoto somo moja kwa ukamilifu: kwamba udongo ni wa wakosaji, na kwamba mwerevu ni yule asiyeugusa. Kisha tulishangaa walipohitimu na kuikimbia ardhi ya baba zao.

Laiti ningalijua, ningaliitumia bustani ileile kama darasa. Mgagani pekee una masomo tele. Kwa nini mmea ukikatwa ncha kabla ya kuchanua hutoa matawi mengi na kuendelea kuchumwa, ilhali ukiachwa huchanua upesi na majani yake kupungua? Kwa nini mbegu zilizovunwa majuzi hukataa kuota, bali zikihifadhiwa miezi kadhaa huota vizuri? Mwanafunzi akiyachunguza hayo kwa macho yake atakuwa ameonja sayansi kabla ya kuisoma ubaoni. Naye bibi yake, ambaye hakuingia darasani, atakuwa mwalimu mwenzetu, kwa kuwa majibu mengine anayo yeye.

Najua mwalimu ataniambia kwamba muda ni mfupi na mitihani haingoji. Ni kweli. Lakini tuta moja la hatua tano halihitaji muda mwingi. Lahitaji mtu wa kulipenda. Vyama vya 4-K, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilizinduliwa upya mwaka wa 2021. Jina zuri halitoshi iwapo mtoto atalima, kisha asionje alichokipanda. Kila darasa lipewe tuta lake, mavuno yaliwe na waliolima, na mbegu ziende nyumbani mifukoni mwao.

Nanyi wanafunzi mliomo likizoni, msingoje shule zifunguliwe. Muombeni mama au bibi mbegu kiganja kimoja tu, mzipande karibu na jiko ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa. Majuma machache baadaye mtachuma. Na wewe mwalimu mwenzangu, atakapokuja aliyechelewa, mtafutie adhabu nyingine. Jembe mpe aliyefika mapema.