Utambi Ndani ya Bukta

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, ya kwanza kuja Afrika, swali moja limekuwa likinifikia kwa sura mbalimbali. Aliyeliuliza vizuri kuliko wote ni mwalimu wa Morogoro, ambaye kwa mwezi mmoja sasa anatoka Kihonda kwenda kazini mjini kwa baiskeli. Anaandika: "Zile bukta za kubana tulizowaona nazo kwenye televisheni zina siri gani? Mimi nikifika shuleni mapaja yanawaka moto, na ikifika Jumatano hata kukaa nashindwa. Mshahara wangu naamini unaujua."

Habari za saizi na rangi nazipita. Hizo fundi au muuzaji yeyote atakusaidia. Nataka tukae na jasho.

Ngozi kavu huteleza juu ya nguo. Ikipata unyevu hulainika na kunata, na nguo inaishika badala ya kuipita. Ukikanyaga pedali mara 70 kwa dakika, ndani ya saa moja kila paja limesuguliwa mara 4,200. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya nguo ya baiskeli ni kulihamisha jasho kutoka kwenye ngozi kabla halijaleta mchubuko.

Sokoni vitambaa hivi husifiwa kwamba "vinafyonza jasho". Neno hilo silikubali hata kidogo. Kufyonza ni kunywa na kubaki nacho: sifongo hufyonza, taulo hufyonza. Sisi tunatafuta kitambaa kinachobeba bila kunywa. Nilijaribu "kusafirisha", nikaona ni neno la mizigo. Nikajaribu "kitambaa tambi", maana wingi wa utambi ni tambi, lakini kila niliyemsomea alifikiria futari. Nimetulia kwenye "nguo ya utambi", na hilo nalitetea, kwa sababu Mswahili aliyekulia kwenye taa ya mafuta tendo lenyewe analijua tayari. Anachohitaji ni kukumbushwa tu.

Bibi yangu kule Pangani alikuwa na koroboi ya kopo, na utambi wake aliusokota mwenyewe kwa ukanda wa kanga iliyochakaa. Kabla ya kuwasha aliubinya ncha kwa vidole viwili, kisha akavinusa, kuhakikisha mafuta yamefika. Nani aliyeyapandisha? Hakuna pampu ndani ya kopo. Kimiminika kikikutana na uzi kinaopatana nao hukwea ubavuni mwake. Kando ya uzi huo pana mwingine, na ule wembamba wa mwanya baina yao ndio nguvu yenyewe. Mwanya ukipungua nusu, kimiminika hupanda mara mbili ya pale kilipoishia. Huko juu moto unakula mafuta ya nchani, nafasi inapatikana, mengine yanapanda kuijaza. Kwenye nguo yako moto huo ni upepo. Jasho likifika upande wa nje hugeuka mvuke, na kila gramu inayoondoka huchukua takriban jouli 2,400 za joto, sehemu kubwa ikitoka mwilini mwako. Ukisimama kusubiri foleni ya malori ipite, ni kama umeizima koroboi: utambi umejaa, lakini hakuna kinachopanda.

Sasa msomaji makini atanishika shati. Kanga ya bibi ilikuwa ya pamba, na pamba ndiyo tunayoambiwa tusivae kwenye baiskeli. Inakuwaje iwe utambi bora kwenye taa na balaa kwenye bukta?

Hapa ndipo palinikosesha usingizi kwa furaha. Pamba ni selulosi, na selulosi imejaa vishikizo vidogo vya oksijeni na haidrojeni ambavyo molekuli za maji huvidaka na kuning'inia. Mafuta ya taa hayana cha kushika humo. Hupita kati ya nyuzi kama msafiri aliyeshuka mji asiokuwa na ndugu: hana pa kulala, lazima aendelee. Maji yana ndugu. Yakifika kwenye pamba huingia ndani ya uzi wenyewe, uzi unavimba, na wageni wanalala. Waliowahi kuingiza maji kwenye koroboi wanakumbuka utambi ulivyotatarika na kuzimika, ilhali kopo bado lina mafuta. Kilo moja ya pamba unayoiona kavu, katika hewa ya kawaida, tayari imeshika gramu 70 hadi 80 za maji. Kilo ya poliesta imeshika kama 4. Ilivyo pamba kwa mafuta ya taa, ndivyo ilivyo poliesta kwa jasho. Na kwa kuwa poliesta tupu haivutii maji sana, viwanda vingi huzipa nyuzi zake mifereji ubavuni au huzipaka dawa ya kuyaita.

Kwa hiyo, mwalimu, fulana usinunue. Jezi ya mpira uliyonayo kabatini ni nguo ya utambi, na ya mtumba inafanya kazi ileile. Fedha yote ipeleke kwenye bukta, maana pale unapokalia hapana upepo. Jasho la hapo lazima litambae pembeni, sentimita kadhaa, hadi likutane na hewa pajani. Bukta ya pamba hapo inakuwa tope.

Ukiwa sokoni, igeuze ndani nje. Pitisha kidole kwenye mishono: ukiusikia mshono kwa kidole, paja litausikia mara 4,200. Kisha ibane ile sponji ya makalioni kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikigusana kirahisi, iache hata kama ni nene kama mto, kwa sababu mifupa miwili unayoikalia itafanya vivyo hivyo. Sponji nyembamba iliyoshindiliwa inaishinda nene iliyolegea. Ukiijaribu, inama kama umeshika usukani. Ukisimama wima itakuvuta kidogo kiunoni, au mabegani kama ina kanda za begani, na hiyo si kasoro. Nguo ya ndani usivae. Najua inaonekana ajabu, lakini chupi ya pamba inarudisha mishono na maji yaleyale uliyolipia kuyaondoa. Ukiona haya kuvaa ya kubana mbele ya wanafunzi, vaa suruali pana juu yake. Wanawake wengi hufanya hivyo, nami pia. Ganzi isiyoisha ni habari ya tandiko la baiskeli au ya daktari, si ya bukta.

Ifue siku hiyohiyo kwa sabuni ya kawaida. Dawa ya kulainisha nguo iweke mbali nayo, kwa sababu huacha utando wa mafuta kwenye nyuzi na jasho halipati tena pa kukwea. Ianike kivulini ikiwa imegeuzwa, sponji ikiutazama upepo, maana hiyo ndiyo ya mwisho kukauka, na kesho saa kumi na mbili alfajiri utaihitaji.