Kwa nini pumu huja usiku? Askari wa mwili na mirija ya pumzi

Katika Mabanga, mjini Goma, nyumba nyingi ni za mbao, zimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, tena zimesongamana sana. Jioni kila mama awasha mbabula yake, na moshi wa makala waingia kwa jirani kama ndani mwake mwenyewe. Halafu, katikati ya usiku, mkatekista aitwa: njoo upesi, mtoto amefungwa pumzi. Amkuta ameketi, mikono juu ya magoti, kifua kinalia filimbi, hawezi kusema maneno matatu kwa mfululizo. Kukicha, mtoto yuleyule acheza mpira barabarani. Jamaa huuliza: Ni ugonjwa gani huu unaokuja usiku na kuondoka asubuhi? Mara nyingi wanalo jibu kabla ya kuuliza, na jibu hilo lina jina la bibi mzee wa nyumba ya tatu.

Ndiyo sababu twaandika. Sisi si waganga, wala hatutaki kufanya kazi yao. Lakini padri au mkatekista anayesimama mlangoni pa nyumba hiyo, ikiwa hajui kitu, atanyamaza. Na kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa amekubali.

Ugonjwa huu ni pumu, wengine huuita kwa Kifaransa asma. Wafratri wanaosoma Kigiriki watalitambua neno hili: maana yake ni kuhema kwa shida. Zamani watu walidhani kwamba mapafu ya mgonjwa ni dhaifu tu, au kwamba misuli inayozunguka mirija ya pumzi hujikaza bila sababu. Kujikaza kwa misuli ni kweli. Lakini chini yake kuna jambo lingine, linalodumu hata siku ambazo mtoto acheza: mirija imevimba kwa ndani na kuwa myekundu, kama jicho lililoingiwa na vumbi. Nani ameivimbisha? Askari wa mwili wenyewe.

Twajua wote kwamba katika damu mna chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa. Si jeshi la namna moja. Katika ngozi ya ndani ya mirija mna walinzi wenye matawi marefu. Wakinasa kitu kigeni, tuseme mavi ya kijidudu kisichoonekana kwa macho kikaacho katika magodoro, au unga wa mende, hukichukua mpaka kwenye matezi na kukionyesha kwa wakubwa, yaani chembe ziitwazo limfosite T. Katika watu wengi wakubwa hao husema: Acheni, si kitu. Katika mtu wa pumu, limfosite T za namna ya pili husema: Ni adui. Nazo hutuma barua tatu, ambazo waganga huziita interlekini 4, 5 na 13.

Barua ya nne yaagiza silaha moja, imunoglobulini E, iliyotambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, Wajapani waliofanya kazi Marekani, na pia na Johansson na Bennich katika Uswidi. Silaha hii hubandikwa juu ya chembe nyingine ziitwazo mastosite. Mdaktari Mjerumani Paul Ehrlich aliziona mwaka 1878, akiwa bado mwanafunzi. Kwa kuwa zimejaa punje punje alidhani zimekula zikashiba, akazipa jina la kushiba. Kumbe punje zile si chakula, ni baruti. Kitu kile kigeni kikirudi na kugusa silaha, mastosite hupasuka na kumwaga histamini na sumu nyingine. Kwa dakika chache tu misuli yajikaza, mrija wafungika. Barua ya kumi na tatu yazidisha makamasi mazito, ambayo huziba nafasi ndogo iliyobaki.

Barua ya tano yaenda mbali zaidi, mpaka katika uboho wa mifupa, kuita eozinofili. Jina hili ni la Ehrlich pia, kwa sababu chembe hizi hupenda rangi nyekundu ya eozini, nayo eozini imeitwa kwa jina la Kigiriki la alfajiri. Eozinofili hazifiki mara moja. Zasafiri kwa damu, zaingia katika ngozi ya mirija, zamwaga sumu yao huko. Saa nne mpaka nane baadaye mtoto ashikwa mara ya pili, na safari hii hukawia kupoa.

Basi, tuhesabu saa. Mtoto aliyefagia chumba na kukung'uta blanketi saa kumi ya alasiri, akakohoa kidogo na kunyamaza, atafungwa pumzi kati ya saa mbili na saa sita ya usiku. Tena alala juu ya godoro lilelile lenye vijidudu. Tena mwili una dawa yake ya kutuliza askari, kortizoli, itokayo katika tezi zilizo juu ya mafigo. Nayo hupungua sana usiku wa manane, hurudi kupanda karibu na mapambazuko. Hizo ndizo sababu za usiku na za asubuhi. Bibi wa nyumba ya tatu hamo.

Mfratri mmoja alituuliza kwa nini Mwumba ametuwekea jeshi la kutuumiza. Jeshi hilohilo, imunoglobulini E na eozinofili, ndilo linalopigana na minyoo, na minyoo ni adui wa kweli kwa watoto wetu. Silaha si mbaya, imeelekezwa pasipopaswa.

Moshi nao wafanya kazi namna nyingine. Moshi wa makala na gazi ya kiberiti ya Nyiragongo hazingoji imunoglobulini E. Zaunguza mirija ambayo imekwisha kuvimba, nayo yajikaza. Moshi pia huita askari wengine, netrofili, ambao dawa hawawatulizi kwa urahisi. Mwezi wa tano wa mwaka 2021, volkano ilipolipuka tarehe 22, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwa kati ya mitaa kumi iliyoamriwa kuhama tarehe 27. Mwenye pumu aliyekimbia kuelekea Sake bila dawa yake alikimbia na hatari mbili. (Mtu asichanganye hapa mazuku: gazi ile ya mashimoni huua hata mwenye mapafu mazima.)

Tuseme sasa juu ya pompi. Kuna mbili. Moja, salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, hulegeza misuli kwa dakika chache. Watu waipenda, kwa kuwa waiona ikifanya kazi. Nyingine ina dawa ya jamii ya kortizoni, kama beklometazoni, iliyopatikana tangu mwaka 1972. Hiyo hutuliza askari wenyewe, polepole, kila siku. Watu waiacha, kwa kuwa hawaoni kitu. Hapo ndipo penye kifo. Tangu mwaka 2019 mabingwa wa pumu wa dunia wameshauri kwamba mtu mzima au kijana asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Katika mwaka huo Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu wagonjwa milioni 262 na vifo 455.000, vingi katika nchi maskini, ambako dawa ya pili ni haba na ya bei.

Kwa hiyo mkatekista asimwambie mtu kamwe kwamba, akiisha kuombewa, aache pompi. Amwombee, na pompi ibaki mfukoni. Usiku wa shida, mgonjwa aketishwe wima, mbabula itolewe nje. Mtoto asiyejua kuvuta vizuri asaidiwe kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kadiri ya mdomo wa pompi: katika Cape Town waganga waliipima mwaka 1999, wakaona yafaa sawa na chombo cha kununua. Midomo ikigeuka rangi, au mtoto akishindwa kusema, apelekwe hospitali usiku uleule.

Kanisani, mtumikizi mwenye pumu asipewe chetezo. Kuna kazi nyingine altareni. Na kwa wale wanaouliza juu ya mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo: kanuni 919 yatoa maji na dawa katika mfungo huo. Mtu aweza kuvuta pompi yake hata mlangoni pa kanisa, akaingia na kukomunika.