Baada ya Kidato cha Nne, Mtoto Asiyeona Aende Wapi?

Kama umepata kusafiri katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida, umepita Ikungi. Hapo ndipo ilipo Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko, ambamo watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino husoma pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Wazazi wengi wa mkoa huu wanaifahamu shule hiyo. Jambo lisilozungumzwa sana majumbani ni safari ya mtoto huyo baadaye, akisha kufaulu na kumaliza Kidato cha Nne.

Kidato cha Tano na cha Sita ni miaka miwili tu, lakini ndiyo njia iliyonyooka ya kwenda chuo kikuu, na ndiko familia nyingi zinakokata tamaa. Husemwa, "Amesoma vya kutosha, apumzike." Hebu tujiulize: je, tungemwambia hivyo ndugu yake anayeona?

Kwa wasioona, elimu ya shule ilianza jirani na Singida. Shule ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Na mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi mjini Tabora. Kwa elimu ya juu ya sekondari, Serikali ilichagua njia ya kuwaweka wanafunzi hawa katika shule chache za bweni za kawaida, zenye walimu na vifaa maalum. Miongoni mwa zilizopata kuwapokea wasioona ni Mpwapwa, Pugu, Korogwe Wasichana, na Tabora ya Wavulana na ya Wasichana. Basi kwa mtoto wa Manyoni au Iramba, kuendelea na masomo kumekuwa na maana ya kuuacha mkoa: kwenda mashariki hadi Mpwapwa, au magharibi hadi Tabora.

Darasani mambo si mepesi. Mwanafunzi asiyeona huandika kwa nukta nundu, ama kwa kibao na msumari wa kutobolea, ama kwa mashine ya Perkins, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1951 na yenye vibonye sita vya nukta. Kitabu kimoja cha Historia ambacho mwenzake hukitia mfukoni, kikipigwa kwa nukta nundu hugeuka majuzuu kadhaa ya kujaza rafu. Ndiyo sababu moja inayowafanya wengi waelekezwe kwenye Historia, Kiswahili na Kiingereza, wakaepushwa na sayansi. Michoro na grafu zinahitaji kuinuliwa juu ya karatasi ili vidole vizisome, na kazi hiyo hudai vifaa na mwalimu mwenye subira. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa nchini hadi 65. Kwa maoni yangu, wingi huo hautamfaa mtoto asiyeona ikiwa bado ataonyeshwa mlango ule ule mmoja.

Kiziwi naye ana shida ya namna nyingine. Anahitaji mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, na mwalimu asiyezungumza huku amewapa wanafunzi kisogo. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu: akae mbele, apate maandishi makubwa, tena asisimamishwe juani, nalo jua la Singida twalijua. Mafuta ya kukinga ngozi hutengenezwa hapa hapa nchini, katika Hospitali ya KCMC, Moshi.

Mzazi mwenzangu, yako mambo yaliyo mikononi mwako. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Bajeti ile ilisomwa na Dk. Mwigulu Nchemba, Mbunge wa Iramba Magharibi, akiwa Waziri wa Fedha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya elimu sawa na wengine. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini ni lazima mkuu wa shule awe ameeleza hali ya mtahiniwa wakati wa kumwandikisha. Nenda ukamwulize mapema, kwa adabu lakini bila haya. Hali kadhalika, ulemavu huhesabiwa na Bodi ya Mikopo katika kupima uhitaji wa mwombaji wa chuo kikuu, mradi uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Tena liko jambo dogo ambalo wengi hawalikumbuki. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na Kidato cha Tano huanza katikati ya mwaka unaofuata. Katika miezi hiyo kijana yupo nyumbani, alizeti zinapaliliwa na kuvunwa, na mashine ya nukta nundu imebaki shuleni. Vidole visivyogusa nukta kwa muda mrefu hupoteza wepesi wake. Mwombe mwalimu akuazime kibao, msumari na karatasi ngumu, kijana aandike japo ukurasa mmoja kila jioni, kisha awasomee wadogo zake alichoandika.